Una usonji na umepata kazi ya uweita: uichukue?

Simu inalia Alhamisi jioni. Ni binamu yako aliye Meru mjini. Kuna hoteli pale Makutano inatafuta weita, malipo ni Sh400 kwa siku, chakula cha mchana ni cha bure, unaanza Jumatatu. Mama amesikia kila kitu na ameshaanza kumshukuru Mungu kabla hujajibu. Umekaa naye nyumbani Kibirichia tangu umalize chuo, mwaka wa pili sasa, na kila msimu wa viazi majirani humwambia kwamba huyu kijana wako ana akili lakini amelala. Wewe umenyamaza. Si kwamba una kiburi. Unafikiria redio itakayokuwa wazi kutoka asubuhi hadi usiku, sufuria zinazogongana, na watu hamsini ambao kila mmoja atataka umtazame machoni na ucheke naye.

Kama hayo unayajua, makala haya ni yako. Kama huyajui, soma pia, kwa sababu huenda Jumatatu ukawa wewe ndiye mteja.

Usonji si ugonjwa unaoambukiza, si laana, wala si matokeo ya mama kukosea kitu akiwa mjamzito. Ni namna ubongo unavyopokea dunia: sauti, mwanga, maneno, nyuso za watu, mabadiliko ya ghafla. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 karibu mtu mmoja katika kila watu 127 alikuwa na usonji. Hesabu abiria wa matatu tisa za viti 14 na ukumbuke kwamba pengine mmoja wao ni sisi. Nasema sisi kwa sababu nami ni mmoja wao, nikagundua nikiwa mtu mzima.

Hapa Kenya habari za usonji zimekuwa zaidi habari za watoto. Kitengo cha watoto wenye usonji katika shule ya City Primary, Nairobi, kilifunguliwa mwaka 2003, na ni mwaka huohuo wazazi walipoanzisha Autism Society of Kenya. Kazi nzuri ilifanyika na bado inafanyika. Lakini mtoto aliyeingia darasani mwaka huo akiwa na miaka sita leo anakaribia thelathini. Hahitaji tena picha za kujifunzia rangi. Anahitaji kodi ya nyumba. Na wengi wetu tuliosoma shule za kawaida huku mashambani hatukuwahi hata kupimwa. Tuliitwa wapole, au wa ajabu, au watoto wa vitabu, basi.

Turudi kwa simu ya binamu. Ukiomba ushauri utapata wa aina mbili, na yote miwili nimepewa mimi mwenyewe.

Wa kwanza ni wa wazee na wa wachungaji: kazi ni kazi. Anza chini, jikaze, dunia haikubembelezi. Ushauri huu una ukweli ndani yake. Mtu aliyekaa nyumbani miaka miwili anaanza kuogopa hata kwenda dukani, na kila mwezi unaopita woga unaongezeka. Pesa yako mwenyewe, hata kama ni kidogo, inakubadilishia namna unavyokaa mezani na wenzako. Kile ambacho wazee hawaoni ni kwamba kujikaza ndiyo kazi tumefanya maisha yetu yote bila malipo.

Wa pili ni wa mitandaoni. Wewe ni jiniasi, usikubali kuosha vikombe, subiri kazi ya kompyuta. Utaambiwa kuhusu Specialisterne, kampuni iliyoanzishwa Denmark mwaka 2004 na baba wa mtoto mwenye usonji, ambayo huajiri watu kama sisi kupima programu na kukagua data. Kampuni ipo kweli. Lakini si kila mwenye usonji anapenda kompyuta, kama vile si kila Mmeru anapenda miraa. Hata Uingereza, nchi yenye hospitali, sheria na takwimu za kila kitu, ripoti iliyotolewa kwa serikali yao Februari 2024 ilisema ni watu wazima watatu tu kati ya kumi wenye usonji walio na kazi. Ukisubiri nafasi ile ya ndoto ukiwa Kibirichia, utasubiri sana.

Jibu langu ni hili: kazi ya mshahara mdogo unaweza kuichukua. Uweita ndio wa kufikiria mara mbili.

Watu husema uweita ni kazi rahisi, anayekosa yote huupata. Kwetu sisi ni kinyume. Weita hauzi chapati. Chapati imeshauzwa na harufu yake. Weita anauza uso. Anatakiwa kujua kabla ya kuambiwa kwamba mteja wa meza ya tatu amekasirika, kwamba yule mzee akisema "leta chai" anamaanisha ya maziwa na mandazi mawili, kwamba yule dada akiuliza "mko na nini?" hataki orodha yote ya vyakula 19 vilivyoandikwa ukutani. Vitu hivi wenzetu wanavipata bure, kama kupumua. Sisi tunavitafsiri kimoja kimoja, siku nzima, huku tukitabasamu. Ni kama kukalimani lugha ya kigeni kwa saa kumi na mbili, na mwisho wa siku unalipwa kama mtu aliyebeba sahani.

Nilifanya uweita miezi minne, hoteli moja mjini Meru. Wiki ya pili bosi aliniita nyuma akaniambia wateja wanalalamika naringa. Siwaangalii. Sicheki. Nikajifunza kucheka. Nilikuwa nahesabu: ukifika mezani, tabasamu, moja mpaka tatu, uliza. Ilifanya kazi kiasi. Shida ilikuwa jioni. Nikifika chumbani nilikuwa siwezi kuongea na mtu, siwezi kupika, nalala na nguo. Siku niliyomletea mteja mchuzi mwingine badala ya alioubadilisha dakika ya mwisho, bosi aliniadhibu kwa kunituma kuosha vyombo.

Sijui kama aliwahi kujua alichonifanyia. Zile siku tisa za masinki ndizo siku nzuri zaidi nilizopata kwenye ajira. Maji, sahani, mpangilio: vikombe kwanza, halafu sahani, halafu masufuria. Hakuna aliyenitazama. Niliosha haraka kuliko yeyote kabla yangu, na wapishi wakaanza kunipenda kwa sababu hawakukosa sahani saa saba. Malipo yalikuwa chini kwa Sh50 kwa siku na ningeyakubali kwa furaha. Siku ya kumi bosi akasema nimeadhibiwa vya kutosha, nirudi kwa wateja. Nilirudi wiki moja. Kisha asubuhi moja sikuamka, nikazima simu, na pesa zangu za wiki hiyo sikuzifuata mpaka leo. Binamu yangu aliyeniombea kazi aliaibika. Mimi sikujua kusema sentensi moja tu: naomba nibaki kwa vyombo.

Kwa hiyo unapopigiwa simu, usijibu swali la "unataka kazi au hutaki?" Uliza ni kazi gani ndani ya hiyo kazi. Hoteli moja ina weita, ina muosha vyombo, ina anayekatakata mboga alfajiri kabla ya wateja kuja, ina anayehesabu bidhaa stoo. Supamaketi ina mtu wa till, na ina mtu anayepanga rafu usiku. Malipo yanakaribiana. Uchovu haukaribiani hata kidogo.

Na kabla ya kukimbilia Makutano, tazama palipo na miguu yako. Kibirichia si mahali pasipo na kazi. Ni moja ya masoko ya viazi yanayojulikana nchi nzima. Malori yanatoka hapa kwenda Nairobi na mbali zaidi. Shangi, aina inayopandwa sana, huchipuka upesi na haingoji stoo, kwa hivyo kila msimu lazima ichambuliwe na kupakiwa haraka. Mtu wa kutenga vikubwa na vidogo, kutoa vilivyokatwa na jembe, kupima mizani na kuandika kwenye daftari bila kukosea, huyo anahitajika. Kanuni za mwaka 2019 zinasema gunia la viazi lisizidi kilo 50, na kila mtu sokoni anajua jinsi mizani inavyochezewa. Kijana anayeshindwa kudanganya kuhusu namba (na wengi wetu tunashindwa, si kwa utakatifu, ni vile namba isiyo sahihi inatuwasha kama upupu) ana thamani kwa mkulima. Kwa broka sina hakika.

Kuna pia mashamba ya maua upande wa Timau, ambako kwenye vyumba vya kupangia maua mtu husimama akilinganisha urefu wa shina, kuhesabu na kufunga, mamia kwa mamia. Si kimya kabisa na kusimama kunaumiza miguu. Lakini ua halikuulizi mbona hucheki.

Mtu wa kwanza kabisa kuandikwa kitabuni kuwa na usonji aliitwa Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, Mississippi, Marekani. Daktari Leo Kanner alimweleza kwenye makala yake ya mwaka 1943. Watu husimulia maisha yake kama muujiza: alifanya kazi benki kwa zaidi ya miaka 60, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi peke yake, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Kinachotajwa haraka haraka ni kwamba benki ilikuwa ya familia ya mama yake, na mji mzima ulimjua tangu utotoni. Hakuna aliyemshangaa. Huo ndio utajiri aliokuwa nao ambao sisi pia tunaweza kuwa nao kidogo. Mama wa kibanda pale stejini Kibirichia anajua tayari kwamba hupendi kushikwa bega. Makutano utaanza kuwafundisha watu upya, mmoja mmoja.

Ila kukaa nyumbani nako kuna mtego wake. Kuna vijana wenye usonji wanaofanya kazi kutoka alfajiri hadi jioni, wanakamua, wanapalilia, wanalinda duka la shangazi, na kazi hiyo inaitwa "kusaidia". Hawalipwi. Wakiomba wanaulizwa wanataka kununua nini. Ukifanya kazi ya familia, ongea mapema, kwa heshima, na jioni ambayo hakuna haraka: "Shangazi, nitakaa dukani, lakini nilipwe kila Jumamosi kwa simu yangu." Kwa simu yako, si ya kaka yako. Kama familia haina pesa, kubalianeni magunia mangapi ya mavuno ni yako.

Sasa pesa zenyewe. Sh400 kwa siku 26 ni Sh10,400. Toa chumba, toa nauli ya kurudi nyumbani mara mbili kwa mwezi, toa chakula cha usiku, halafu ujiulize kinachobaki. Tangu Novemba 2024 kima cha chini kwa kibarua wa kawaida jijini Nairobi ni zaidi kidogo ya Sh16,000 kwa mwezi kabla ya marupurupu ya nyumba. Mashambani ni karibu nusu ya hiyo. Miji iliyokuwa manispaa iko kati, karibu na ya Nairobi. Kwa maana hiyo, Sh400 zile za Makutano ziko chini ya sheria, na binamu yako pengine analipwa vivyo hivyo. Siwezi kukudanganya kwamba utaenda kwa bosi siku ya kwanza na gazeti la serikali mkononi. Ijue tu, ili usione unafanyiwa hisani.

Kuna hesabu ya pili ambayo ni muhimu kwetu kuliko ya kwanza. Ukimaliza siku ya kazi, unabaki na nini cha kuendeshea maisha? Kama siku ya mapumziko yote unalala gizani ili uweze kurudi Jumatatu, ile kazi inakulipa kwa siku sita na kukukata siku ya saba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila saba. Kwa weita mwenzako siku hiyo ni ya kanisa na mpira. Kwako ni dawa. Mwajiri anayekuambia "huku hatupumziki, ni msimu" mwambie asante na ukate simu, hata kama mama anakutazama.

Ukiichukua, iwekee tarehe. Miezi mitatu, imeandikwa kwenye kalenda ya ukutani. Ikifika, unakaa chini na kujiuliza kama unalala, kama unakula, kama bado unafanya kile kitu unachokipenda, kiwe ni kuchora au kusoma kuhusu injini za treni. Ukitaka kuondoka, ondoka ukiwa umesema. Kama uko kwenye kipindi cha majaribio kwa mkataba, sheria inataka notisi ya siku saba pekee. Siku saba zinavumilika ukijua zinaisha. Laiti ningejua, ningelipwa ile wiki yangu.

Je, umwambie mwajiri? Hapa wenzangu wengi wa mitandaoni hatutakubaliana. Wao wanasema jitangaze, usijifiche. Mimi nasema usianze na neno usonji kwa mtu asiyelijua, kwa sababu kichwani mwake litageuka kuwa kitu kingine, na katika vijiji vyetu kitu hicho hakina jina zuri. Anza na unachohitaji. "Nafanya vizuri zaidi nikiandikiwa maagizo." "Kelele ikizidi natoka nje dakika tano, halafu narudi." "Niweke stoo, uone." Mwambie mtu mmoja, yule unayefanya naye kazi kila siku, baada ya wiki mbili tatu za kuonyesha mkono wako. Akielewa, neno lenyewe mtalifikia. Nina rafiki anayeona huu ni woga, na huenda ni kweli, lakini yeye anafanya kazi ofisini Westlands.

Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, iliyotiwa saini Mei 2025, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kutenga angalau asilimia tano ya nafasi kwa watu wenye ulemavu. Hoteli ya Makutano yenye watu saba haimo. Shamba kubwa la maua limo, na supamaketi kubwa pia. Ili uhesabiwe unahitaji kupimwa katika hospitali ya serikali na kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Ni safari ndefu, utaambiwa urudi wiki ijayo, na pengine utaambiwa "mbona unaongea vizuri?" Nenda tu, na uende na mtu anayeweza kukaa kwenye foleni akiongea kwa niaba yako. Utasikia pia kwamba ukisajiliwa unasamehewa kodi ya mapato hadi Sh150,000 kwa mwezi. Ni kweli, na ni kichekesho kidogo. Wa Sh10,400 hakuwa analipa hiyo kodi hata hivyo, maana inaanzia Sh24,000.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa bila kuwa na usonji: kuna mkahawa Lavington, Nairobi, unaoitwa Pallet Café, ambako wahudumu wengi ni viziwi. Wateja wanaagiza kwa ishara, na chakula kinafika. Watu wanakwenda huko na kurudi. Kwa hivyo uvumilivu mnao, mnauweka tu pale mlipoandikiwa bango. Kijana wa hoteli ya kawaida anayekuletea chai sahihi, ya moto, kwa wakati, bila kukutazama usoni, hana bango. Kunywa chai.

Jumapili usiku, kabla ya kumjibu binamu, mpigie umuulize mambo haya hata akikuona msumbufu. Nafasi ni ya weita pekee au kuna ya jikoni? Shifti inaanza saa ngapi na inaisha saa ngapi, kweli kweli, si vile bosi anavyosema? Siku ya mapumziko ni ipi? Wanalipa kila siku au mwisho wa mwezi? Bosi akikasirika anafanya nini, anapiga kelele au ananyamaza? Nani mwingine analala kwenye hicho chumba utakachokaa? Na redio, nani anaishika?